Mlemavu anayebeba bastola achague ala ya aina gani?

MADUKA ya silaha nchini Marekani huning'iniza ala za bastola ukutani kwa makumi, na karibu zote zimebuniwa kwa ajili ya mtu wa namna moja: mwenye viungo kamili, anayesimama wima, mwenye mikono miwili yenye nguvu na mshipi uliokaza kiunoni. Anayeingia humo akiwa katika kiti cha magurudumu, ama akiegemea mkongojo, ama mkono wake mmoja ukiwa umepooza kwa kiharusi, aghalabu huuziwa ala ile ile na kuambiwa kwamba ataizoea. Wengi hawaizoei, na katika jambo hili kutozoea kunaweza kuwa na maana ya risasi katika paja la mwenye bastola.

Kubeba bastola iliyofichwa chini ya nguo ni desturi ya Marekani kuliko ya kwetu. Mnamo Juni 2022, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua, katika kesi iliyotoka jimbo la New York, kwamba raia ana haki ya kikatiba ya kubeba bastola nje ya nyumba yake ili kujilinda. Kufikia mwaka wa 2024, majimbo 29 yalikuwa yakimruhusu mtu mzima asiyezuiwa na sheria kuibeba bila kibali chochote. Miongoni mwa wanaobeba wamo wanajeshi waliorejea kutoka Iraq na Afghanistan wakiwa wamepoteza viungo, wamo wazee wenye baridi yabisi, na wamo walioumia uti wa mgongo katika ajali za barabarani.

Humu nchini, silaha ya raia huongozwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na leseni ni ya wachache. Hata hivyo, Wakenya wanaoishi Marekani ni wengi, na wapo wanaoulizana kuhusu jambo hili. Wao waanzie kwenye sheria kabla ya kufika dukani. Mtu aliyeingia Marekani kwa viza ya muda, kama ile ya mwanafunzi au mtalii, kwa kawaida hukatazwa na sheria ya serikali kuu kuwa na silaha, isipokuwa kwa masharti machache. Mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu hakatazwi kwa sababu hiyo.

Turudi kwenye ala yenyewe. Ala si mfuko wa kuhifadhia bastola tu. Ni lazima ikifunike kabisa kifyatulio, yaani kile kilimi kinachovutwa kwa kidole, kwa kitu kigumu ambacho hakiwezi kubonyea. Ni lazima ishike bastola isidondoke hata mwenyewe akianguka au kupinduka. Ni lazima ikae pale pale ilipofungwa, na impe mwenyewe nafasi ya kuushika mpini wote kabla hajaanza kuichomoa. Masharti hayo hayalegezwi kwa ajili ya mtu yeyote. Kinachobadilika kwa mlemavu ni mahali ala inapokaa mwilini, na hapo ndipo mashauri ya wauzaji wengi hupotoka.

Tumchukue anayetumia kiti cha magurudumu. Pahali palipozoeleka pa kuvaa bastola ni kwenye nyonga, upande wa mkono wenye nguvu. Kwake yeye pahali hapo ni pabaya. Nyonga imebanwa na ubao wa pembeni au mahali pa kuegeshea mkono, na kila anaposukuma magurudumu kiwiko chake hupita hapo hapo, kikilikwaruza shati na kulipandisha juu hadi bastola ionekane. Akiisogeza nyuma kidogo, itakuwa kati ya mgongo wake na kiegemeo. Hawezi kuifikia bila kuinama mbele, na wengi waliopooza kuanzia kifuani hawana misuli ya kuwarudisha wima wakishainama.

Kuna hatari nyingine ambayo muuzaji wa bunduki haifahamu lakini muuguzi yeyote wa wodi ya majeruhi wa uti wa mgongo anaifahamu vyema. Mtu asiye na hisia sehemu ya chini ya mwili hawezi kujua kwamba kitu kigumu kinamchoma. Wagonjwa hao huonywa hata dhidi ya kukalia pochi iliyo mfukoni, kwa kuwa mgandamizo wa saa chache huweza kuzaa kidonda, na kidonda hicho huweza kuchukua miezi kupona. Mwigizaji Christopher Reeve, aliyepooza baada ya kuanguka kutoka kwa farasi mwaka wa 1995, alifariki Oktoba 2004 akiwa anatibiwa maambukizi yaliyotokana na kidonda cha aina hiyo. Kwa hivyo ala ya plastiki ngumu, yenye kingo na vishikizo vya chuma, haifai kugusana na ngozi isiyo na hisia. Anayeivaa juu ya kiuno avae fulana nzito chini yake, na jioni ajikague ngozi kwa kioo. Akiona wekundu usiotoweka, aiache ala hiyo, hata kama ameilipia pesa nyingi.

Wengi huishia kuivaa mbele. Kuna ala inayokaa ndani ya suruali karibu na kitovu. Aliyeketi huifikia kwa urahisi na shati huifunika vizuri. Lakini mtu akiketi, mdomo wa bastola huelekea kwenye kinena na paja, mahali unapopita mshipa mkubwa wa damu ambao ukikatwa mtu huweza kufa katika muda wa dakika chache. Anayeweza kusimama huambiwa arudi nyuma kidogo na kusukuma nyonga mbele anapoirudisha bastola alani, ili mdomo usimwelekee. Aliye katika kiti cha magurudumu hawezi kufanya hivyo. Njia iliyo salama kwake ni kuivua ala mwilini kwanza, kuitia bastola ndani yake ikielekezwa mahali pasipo na mtu, kisha kuvivaa vyote pamoja. Ndiyo maana ala yake iwe na kishikizo kinachopachikwa na kupachuliwa kwa mkono, si ile ambayo lazima mshipi upitishwe katika tundu zake.

Njia nyingine ni kuivaa upande wa mkono usiochomoa, mpini ukiwa umeelekea mbele, ili mkono wenye nguvu uvuke tumbo na kuifikia. Madereva wa magari huipenda kwa sababu hiyo hiyo. Kwa maoni yangu ndiyo inayofaa kujaribiwa kwanza na wengi wanaoshinda wameketi, ila ina kasoro mbili. Aliyesimama mbele yako anaweza kuufikia mpini kabla yako, na wakati wa kuichomoa mdomo hupita ukielekea watu walio kando. Ala inayovaliwa kifuani chini ya shati hupunguza baadhi ya matatizo hayo. Ile ya kwapani, inayoning'inia kwa kamba za mabegani, hupendeza katika filamu, lakini bega la anayesukuma magurudumu kila siku aghalabu limekwisha kuchoka na kuuma. Kuliongezea uzito wa bastola mchana kutwa si busara.

Kuna wanaoona njia ya mkato: kuifunga ala kwenye kiti chenyewe, chini ya kikalio, au kuitia bastola katika mkoba unaoning'inia nyuma ya kiegemeo. Hilo ni kosa. Mwenye kiti hukiacha kiti chake mara nyingi kwa siku. Hukiacha anapohamia kitandani au kwenye gari, na katika uwanja wa ndege hukiona kikichukuliwa na wafanyakazi kwenda kupakiwa. Akipinduka, yeye huanguka huku na kiti kikabaki kule, na bastola ikabaki na kiti. Mkoba wa nyuma nao huweza kufunguliwa na mwizi au mtoto bila mwenyewe kugeuza shingo. Silaha ibaki mwilini mwa mwenyewe. Isipoweza kukaa mwilini, ibaki nyumbani ndani ya kasha lililofungwa.

Kwa mwenye mkono mmoja hesabu ni tofauti. Ala yake iwe upande wa mkono ulio mzima, na iwe ngumu kiasi kwamba mdomo wake hubaki wazi bastola ikishachomolewa. Ala laini za kitambaa hunywea, na mtu hulazimika kuzipanua kwa mkono wa pili, mkono ambao yeye hana. Azichunguze pia kamba na vifungo vya kuizuia bastola. Kifungo kinachoachia kwa kusukumwa na kidole gumba wakati mkono unashika mpini humfaa. Kile kinachobonyezwa kwa kidole cha shahada kimelalamikiwa na wakufunzi wengi, kwa kuwa kidole kile kile kinachobonyeza ndicho huteleza hadi kwenye kifyatulio bastola inapotoka. Nguo nazo ni sehemu ya ala. Shati la kuchomekea halimfai. Koti au shati lililo wazi mbele, lenye kitu kizito kidogo katika pindo, husukumwa nyuma kwa mkono ule ule unaokwenda kuchukua bastola.

Anayetembea kwa mkongojo ana mtihani ambao duka halimwambii. Madaktari wa mazoezi ya viungo hufundisha kwamba mkongojo ushikwe upande ulio mkabala na mguu mbovu. Mwenye mguu wa kushoto ulioumia, basi, huushika kwa mkono wa kulia, na ikiwa mkono huo ndio anaotumia kwa kila kitu, ndio pia ungechomoa bastola. Ama auachilie mkongojo na kujihatarisha kuanguka akiwa na silaha mkononi, ama ajifunze kutumia mkono wa kushoto. Kubadilisha upande wa mkongojo kwa ajili ya bastola si jibu, kwani atakuwa akianguka siku zote kwa ajili ya jambo ambalo huenda lisitokee maishani mwake. Wengi katika hali hii huiweka ala upande wa kushoto na kujifunza upya, kwa miezi, chini ya mkufunzi. Wasiivae katikati ya mgongo hata kidogo. Anayeanguka mara kwa mara ataangukia chuma hicho kwa uti wake wa mgongo.

Aliyefanyiwa upasuaji na kuwekewa mfuko wa choo tumboni apime kwanza mshipi unapita wapi. Mfuko wa utumbo mpana kwa kawaida huwa kushoto, na wa utumbo mwembamba huwa kulia. Ala isiubane wala kuukaribia. Wengine huacha mshipi kabisa na kutumia ukanda mpana wa kifuani. Mwenye mguu bandia naye asishawishike kuifunga bastola kwenye mguu huo ati kwa kuwa hausikii uzito. Mguu huo huvuliwa, na uzito usiolingana huharibu mwendo.

Vipi kuhusu mwenye mikono inayotetemeka, au vidole vilivyokakamaa kwa baridi yabisi hadi hawezi kufungua kifungo wala kuvuta sehemu ya juu ya bastola kuitia risasi? Wauzaji watamwonyesha ala isiyo na kifungo chochote, au bastola ya kifyatulio chepesi. Viwili hivyo vikikutana na mkono unaotetemeka, ajali haiko mbali. Kuna hali ambayo ala haiwezi kuirekebisha, na mkufunzi mwaminifu atamwambia hivyo mteja hata akimkosa. Vivyo hivyo kwa anayeishi na maumivu yasiyokoma na moyo uliovunjika. Nchini Marekani, zaidi ya nusu ya vifo vinavyosababishwa na bunduki ni vya watu waliojiua. Katika nyumba ya mtu kama huyo, swali la kwanza ni nani atakayekaa na ufunguo wa kasha, si ala ipi ni nzuri.

Anayeendelea baada ya hayo yote aijaribu ala kabla ya kuiamini. Bastola iwe tupu, ikaguliwe mara mbili kwa macho na kwa kidole, na risasi ziwe katika chumba kingine. Kisha aishi nayo siku nzima nyumbani: ahame kutoka kitini hadi kitandani, aokote kitu sakafuni, aingie na kutoka garini, aitikise ala ikiwa juu chini juu ya godoro aone kama bastola itadondoka.

Jaribio lililo gumu kuliko yote ni la msalani. Suruali ikishateremshwa, ala iliyo kwenye mshipi huning'inia karibu na sakafu, na anayehama kutoka kitini anahitaji mikono yote miwili. Hapo ndipo watu huichomoa bastola, wakaiweka juu ya tangi la maji, na kuisahau. Anayetumia ala ya kupachua huiondoa ikiwa na bastola ndani, kifyatulio kikiwa kimefunikwa, na kuiweka mapajani ndani ya suruali anapoiona.

Uwezo huo wa kuvua vyote pamoja utamfaa tena akienda kutibiwa. Hospitali za serikali kuu zinazohudumia wanajeshi wastaafu, ambazo wengi wa walemavu hao huzitembelea kila mwezi, haziruhusu silaha katika eneo lao lote, pamoja na mahali pa kuegesha magari. Siku ya miadi ya daktari, bastola hukaa nyumbani.