Utii wa Mtakatifu Bakhita

Kuwatii wakubwa ni wajibu wa Mkristo, lakini utii una mpaka wake. Jambo hili twafundishwa na Mtakatifu Yosefina Bakhita.

Alizaliwa karibu na mwaka 1869 katika nchi ya Darfur, Sudani. Angali mtoto aliibwa na wafanya biashara ya watumwa, akauzwa mara nyingi, akapigwa na kuchanjwa mwili. Kwa hofu alilisahau hata jina alilopewa na wazazi wake. Waliomwiba ndio waliomwita Bakhita, maana yake mwenye bahati.

Mwaka 1885 alipelekwa Italia, akawa yaya. Baadaye aliwekwa kwa masista wa mji wa Venice, akafundishwa dini. Bibi aliyemtumikia alipokuja kumchukua warudi Afrika, Bakhita alikataa. Alimpenda bibi yule na mtoto wake, lakini hakukubali kumwacha Mungu aliyeanza kumjua. Shauri likapelekwa mbele ya hakimu, na tarehe 29 Novemba 1889 ikaamuliwa kwamba yeye ni mtu huru. Akabatizwa tarehe 9 Januari 1890, kisha akawa sista.

Angalieni, Bakhita hakukataa kazi. Katika nyumba ya watawa huko Schio alipika, akashona, akawafungulia wageni mlango. Alifariki mwaka 1947, na mwaka 2000 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mtakatifu.

Basi, nasi tukiamriwa kuiba au kusema uongo, tukatae kwa heshima. Tukiamriwa kufagia, tufagie.