Uzee wa Jani: Seli Inavyojivunja Ili Mbegu Ishibe (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulifuata jani changa likijengwa, mizizi ikilipelekea naitrojeni usiku na mchana. Leo tuitazame safari ya kurudi, ambayo kwangu ndiyo ya ajabu zaidi.

Ingia katika shamba la mahindi lililokosa mbolea ya kukuzia, uinamie shina moja na kuyatazama majani yake ya chini. Umanjano umeanzia nchani, ukashuka kufuata mshipa wa katikati na kuchora umbo la V, huku kingo zikiwa bado kijani. Majani ya juu hayana tatizo. Mkulima atakuambia kwamba hiyo ni njaa ya naitrojeni, na hakosei. Lakini kwa nini waumie wazee na vijana wasalimike? Kwa sababu mmea wenyewe umeamua hivyo. Jani la chini halijanyimwa chakula tu. Linavunjwa kutoka ndani, na mali yake inapandishwa juu.

Mali hiyo iko wapi? Zaidi iko kwenye kloroplasti, vile vyumba vya kijani vinavyofanya usanisinuru. Katika mimea kama ngano, mpunga na maharage, hadi robo tatu ya naitrojeni yote ya jani imo humo. Protini moja tu, rubisko, ambayo kazi yake ni kunasa hewa ya ukaa, inaweza kufikia nusu ya protini zote za jani zinazoyeyuka kwenye maji. Kwa hiyo jani linapokuwa hai ni kiwanda, na vilevile ni ghala.

Kulifungua ghala hilo kuna hatari. Klorofili ikiachiwa huru kutoka kwenye protini zinazoishika, huendelea kunasa mwanga na kuzalisha oksijeni kali inayounguza seli. Ndiyo maana seli huanza kwa kuipokonya klorofili makali yake, ikaigeuza hatua kwa hatua kuwa kitu kisicho na rangi, kisha ikakitupa kwenye vakuoli, mfuko mkubwa ulio ndani ya seli. Naitrojeni iliyomo ndani ya klorofili yenyewe hairudishwi. Kinachotafutwa ni zile protini zilizokuwa zimeishika. Njegere za kijani ambazo Gregor Mendel aliandika habari zake mwaka 1866 zilikuwa na hitilafu katika hatua hiyohiyo: jeni ya kuanzisha uvunjaji wa klorofili haikufanya kazi, zikakauka na kijani chao. Jeni hiyo ilitambuliwa mwaka 2007.

Protini nazo zina njia zaidi ya moja ya kuvunjwa. Njia iliyochunguzwa sana ni ya seli kujila, iliyopewa jina la autofajia na Mbelgiji Christian de Duve mwaka 1963. Utando mwembamba hujitokeza ndani ya seli, ukajikunja mfano wa kikombe, ukazingira kipande cha kuvunjwa, kisha ukajifunga na kukipeleka kwenye vakuoli yenye vimeng'enya. Yoshinori Ohsumi wa Japani aliiona kazi hii kwenye hamira aliyoinyima chakula, akazitafuta jeni zinazoiendesha, na mwaka 2016 akapewa Tuzo ya Nobel. Mimea ina jeni za ukoo uleule. Katika jani linalozeeka, vifuko vidogo vilivyojaa rubisko humeguka kutoka kwenye kloroplasti na kuchukuliwa kwa njia hiyo, kidogo kidogo, hadi kloroplasti inasinyaa.

Mtu angedhani kwamba mmea usio na jeni hizo utabaki kijani muda mrefu. Kwenye Arabidopsis, mmea mdogo wa jamii ya haradali unaotumiwa sana maabara, imekuwa kinyume: majani huzeeka mapema, na mbegu hupata naitrojeni kidogo. Kujila huku, basi, hakuliui jani. Hulipa muda wa kufa kwa utaratibu.

Utaratibu wenyewe ni kama wa fundi anayebomoa nyumba kuukuu na kuuokoa kila ubao, akiuacha umeme hadi mwisho. Kiini cha seli na mitokondria hubakizwa, kwa kuwa kazi inahitaji maelekezo na nguvu. Protini zilizovunjwa husafirishwa hasa kama glutamini na asparajini kupitia floemu, mirija inayosafirisha chakula cha mmea, kuelekea kwenye punje. Mwishoni utando wa vakuoli hupasuka, na seli imekufa.

Wapo wanaosifu kila mmea unaokawia kuzeeka. Mimi nasema itegemee zao na mahali. Mtama wenye asili ya Ethiopia unaobaki kijani umesaidia sana kwenye ukame. Kwenye ngano, mwaka 2006 watafiti walipunguza utendaji wa jeni za ukoo wa NAM-B1, zinazoharakisha uzee wa jani. Majani yakachelewa kuzeeka kwa zaidi ya wiki tatu, lakini protini, zinki na chuma kwenye punje vikapungua kwa zaidi ya asilimia 30. Kijani kile kilikuwa chakula ambacho hakikufika kwa mlaji.

Turudi kwa mkulima. Mbolea ikiwekwa sasa, jani lililokwisha kuwa manjano halitarudi kijani. Itayaokoa yaliyo juu yake, mradi hindi halijakomaa. Tena, si kila kirutubisho huhama. Fosforasi na potasiamu huhama kama naitrojeni, lakini kalsiamu ikishajengwa ndani ya jani hukaa humo humo, ndiyo maana upungufu wake huonekana kwanza kwenye majani machanga.

Itaendelea wiki ijayo: punje inavyoyapokea yaliyotoka majanini.