Kilio cha Siku ya Kwanza Chekechea

Kila Januari, shule za chekechea zifunguapo milango nchini Tanzania, kilio husikika tangu langoni. Mtoto wa miaka minne huing'ang'ania kanga ya mama yake, na watu wazima hawakawii kusema kwamba amedekezwa. Elimu ya makuzi ya mtoto inatoa maelezo tofauti.

Sehemu ya maelezo hayo ilipatikana hapa hapa Afrika ya Mashariki. Katika miaka ya 1954 na 1955, mtaalamu wa saikolojia Mary Ainsworth aliwatembelea majumbani watoto wachanga 28 katika vijiji vilivyo karibu na Kampala, Uganda. Aliona kuwa mtoto hutambaa kwenda kuchungua vitu, kisha hugeuka kuhakikisha kuwa mama yupo, ndipo aendelee. Mama ni mithili ya bandari: chombo huthubutu kwenda mbali kwa kuwa kina pa kurejea. Hivyo mtoto anayelia anapoachwa si mkaidi. Bandari yake imetoweka naye hajapata nyingine.

Mwili nao hushuhudia. Hofu iingiapo, ubongo huziamsha tezi zilizo juu ya figo, nazo hutoa homoni iitwayo kotisoli, ambayo huweza kupimwa hata katika mate. Uchunguzi uliofanywa Berlin, Ujerumani, na kuchapishwa mwaka 2004, uliwahusu watoto wa miezi 15 hivi walioanza kulelewa vituoni. Siku ambazo mama aliketi nao kituoni, wale waliofungamana naye kwa imani walikuwa na kotisoli ndogo kuliko wenzao. Mama alipoanza kuwaacha, ilipanda kwa wote. Watoto hao ni wadogo kuliko wa chekechea, lakini mwili wa mtoto wa miaka minne hufuata njia ile ile.

Katika vituo vingi vya Ujerumani mzazi hukaa na mtoto kwa siku tatu za mwanzo. Siku ya nne hutoka kwa muda usiozidi nusu saa. Mama mwenye genge sokoni hana siku tatu za kuketi darasani, na si haki kumlaumu. Hata robo saa ya kukaa hadi mtoto amzoee mwalimu mmoja, yule yule kila asubuhi, ina faida.

Jambo baya zaidi ni kuponyoka kisirisiri mtoto akiwa anacheza. Kilio cha siku hiyo huenda kikaepukwa, lakini mtoto hujifunza kwamba mama aweza kutoweka wakati wowote, na kesho yake hatabanduka. Afadhali kuaga waziwazi, kwa maneno machache, na kuondoka kweli. Tena, “nitarudi saa sita” haina maana kwa asiyejua saa. “Nitakuja mkishakunywa uji” anaielewa. Na uji ukiisha, atatazama mlangoni.