Gungu la Liyongo na Usiku wa Vave (Sehemu ya Nne)

Tamasha la Utamaduni la Lamu likikaribia, magazeti hayaishi kutoa picha za mashindano ya punda na majahazi. Ngoma zikibahatika hupata kapicha kamoja pembeni, na chini yake neno “burudani”. Neno hilo ndilo lililonishikisha kalamu.

Ngoma ya gungu nimekwisha kuieleza katika sehemu zilizopita, la kufunda na la kukwaa, sirudii. Twende gerezani Pate, kisiwa chenye kijiji chetu cha Chundwa. Katika utendi alioutunga Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, shujaa Fumo Liyongo yu ndani ya minyororo, angoja kuuawa. Kwa wimbo anamwagiza kijakazi Saada: mama aoke mkate wa wishwa, tupa aifiche ndani. Walinzi, waliozoea kumlia kila chakula kizuri, wishwa wakaudharau wakampitishia. Sasa tupa anayo, lakini chuma hukikataje kisisikike? Akaomba apigiwe gungu la kuagia dunia. Mji ukatoka na pembe, upatu na matoazi, na kila waitikiaji walipopandisha, naye akakaza mkono. Ajabu iko hapo: watu wa Pate walimfungua mfungwa wao wenyewe kwa kuitikia tu! Na mlinzi gani angethubutu kuwanyamazisha? Ngoma iliyokwisha kukolea hainyamazishwi, hata na sultani.

Hiyo ni hadithi, mtasema. Haya, twendeni shambani. Mkulima wa Kibajuni, usiku wa kuamkia kuuchoma msitu aliofyeka, alikesha na wenzake wakiimba nyimbo za vave. Hapakuwa na mtazamaji pale. Kila aliyekuja alikuwa na moto wa kuwasha kesho yake, na hofu ya moto huo aliigawa kwa sauti za wenzake. Burudani iko wapi hapo?

Leo napita barazani nawakuta vijana wanne, kila mmoja na simu yake masikioni: nyimbo nne, na hapana anayemwitikia mwenzake. Sina ugomvi na simu. Simu hiyo hiyo ingetosha kumrekodi mzee anayeijua vave, kama mjukuu angekubali kuketi naye usiku mmoja tu bila kupiga miayo.

Kuhusu tamasha, nafasi imenibana. Nawaomba waandalizi jambo moja: wakiwaita wakulima, wawape usiku mzima, na wasiwapangie viti watazamaji.

Juma lijalo: siwa ya pembe ya Pate, na mwanamke aliyenyimwa siwa.