Nimwiteje? Maneno ya heshima kwa mtu wa transijenda

Mama au mlezi, huenda katika ukoo wako, mtaani kwako Mwanga au kule mwaloni Kibirizi yupo mtu ambaye hujui umwite dada au kaka. Labda ni mtoto wa jirani, mteja wako wa dagaa, au mgonjwa mliyekaa naye benchi moja zahanati. Hapa tunaeleza maneno ya kutumia unapozungumza naye, unapomtaja kwa wengine na unapoandika habari zake. Si lazima ukubaliane na kila jambo la maisha ya mtu ndipo umtaje kwa heshima. Lakini neno moja baya linaweza kumfanya asirudi kutibiwa.

Mtu wa transijenda ni nani?

Mtoto anapozaliwa, mkunga huangalia maumbile na kuandika jinsi yake: Me au Ke. Watu walio wengi hukua wakijiona hivyo hivyo. Wachache hawajioni hivyo. Aliyeandikwa Me hujitambua kuwa mwanamke, au aliyeandikwa Ke hujitambua kuwa mwanamume. Hao ndio tunaowaita watu wa transijenda. Wengine husema “mtu aliyebadili jinsia”. Si tusi, ila halimfai kila mmoja, kwa sababu wengi hawajafanyiwa upasuaji wala kutumia dawa yoyote.

Je, ni ugonjwa wa akili? Hapana. Mwaka 2019 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani ziliidhinisha orodha mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022. Katika orodha hiyo, jambo hili liliondolewa kwenye sura ya magonjwa ya akili.

Je, ni sawa na huntha? Hapana. Huntha, au mtu mwenye jinsia tata, ni yule aliyezaliwa na maumbile yasiyo wazi kuwa ya kike au ya kiume. Ukiona maumbile ya mtoto mchanga hayaeleweki, usimfiche kwa aibu. Mpeleke hospitali mapema. Baadhi ya watoto hao hupoteza chumvi mwilini, na wakianza kutapika na kulegea katika wiki za kwanza, hiyo ni dharura.

Lugha yetu inatusaidia

Tunaposema “anaumwa”, “amefika” au “yeye”, hatusemi kama ni mwanamke au mwanamume. Anayeandika kwa Kiingereza hulazimika kuchagua karibu kila sentensi. Sisi hatuna mzigo huo.

Kwetu ugumu uko kwenye majina ya undugu: dada, kaka, mama, baba, shangazi, mjomba. Hapo fanya hivi:

- Muulize faraghani, kwa sauti ya chini: “Ungependa nikuiteje?” Kisha tumia jina alilokuambia.
- Ukishindwa kumuuliza, tumia neno lisilochagua: ndugu, jirani, mwenzetu, mdogo wangu. Kwa mtoto, sema mwanangu au mjukuu wangu. “Ndugu” tumelizoea kwenye barua na mikutano, na halimvunjii mtu yeyote heshima.
- Ukikosea, sema “samahani”, rekebisha, endelea na mazungumzo.

Maneno ya kuepuka

- “Lile”, “kile”, “lijitu”. Mtu ni yule. Tunapomtoa kwenye “yule” na kumweka kwenye “lile”, tumeshamtoa kwenye ubinadamu kabla hatujasema tusi lolote.
- “Jikedume”. Wengi hulisema kwa mzaha, lakini msichana anayeitwa hivyo kila siku haoni mzaha.
- “Hanithi”. Maana yake ni mwanamume asiye na nguvu za kiume. Halimwelezi mtu wa transijenda, linamdhalilisha.
- “Shoga”. Mwanamke akimwita hivyo rafiki yake wa kike, ni neno la mapenzi. Likirushwa njiani kwa mtu mwingine ni tusi, na linaweza kumletea kipigo.

Hili linahusu vipi afya?

Fikiria mgonjwa aliyevaa kitenge na kilemba. Kadi yake ina jina la kiume. Jina linaitwa kwa sauti, benchi zima linageuka, watu wanacheka. Mgonjwa anaondoka na homa yake. Wiki ijayo ananunua dawa dukani bila kupimwa.

Hasara hiyo si yake peke yake. Mwezi Mei 2015 kipindupindu kililipuka Kagunga, kijiji cha mwambao karibu na mpaka wa Burundi, wakati maelfu ya wakimbizi walipokuwa wamekusanyika pale wakisubiri kusafirishwa, wengi wao kwa MV Liemba, hadi Kigoma mjini. Ugonjwa wa namna hiyo huzuiwa pale kila anayeharisha anapofika kutibiwa mapema. Tunachota maji ya ziwa moja. Anayejificha na ugonjwa kwa kuogopa kuchekwa anatuacha sote hatarini.

Ukiwa kwenye foleni, unaweza kusaidia. Usigeuke kumtazama, usicheke, msogezee nafasi akae. Ukiwa mhudumu, mwite kwa jina la ukoo au kwa namba ya kadi.

Unapoandika habari zake

Jina kwenye karatasi si jambo dogo. Nchini Kenya, Audrey Mbugua alikuwa na cheti cha kidato cha nne chenye jina la kiume alilopewa utotoni. Alikwenda mahakamani, na Oktoba 2014 Mahakama Kuu iliagiza Baraza la Mitihani limpe cheti kipya chenye jina lake la sasa, bila alama ya jinsi.

Wewe unayeandika kwenye kundi la WhatsApp la mtaa au kikoba, zingatia haya:

- Andika jina analotumia sasa. Usichimbue jina la zamani.
- Usiandike habari za maumbile yake wala matibabu yake.
- Usitume picha yake. Picha ikishasambaa hairudi, na mtu anaweza kufukuzwa kwenye chumba alichopanga.
- Kama habari yenyewe ni msiba, mchango au ugonjwa, jinsia yake haihitajiki kabisa.

Kama ni mtoto wako

Mtoto anayesema “mimi sijisikii kuwa msichana” anakupima kwanza kama utamsikiliza. Si lazima uwe na jibu siku hiyo. Mwambie, “Nimekusikia, mwanangu. Asante kwa kuniambia.” Usimpige, usimtangaze kwa ukoo, usimfukuze. Tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha kuwa watoto wanaokataliwa nyumbani huzama zaidi kwenye sonona, na wanaosikilizwa huwa na hali nzuri zaidi ya akili.

Akiacha kula, akijitenga, akikataa shule au akisema afadhali afe, usingoje. Mpeleke kituo cha afya, au mwone afisa ustawi wa jamii. Unaweza pia kupiga simu namba 116 ya huduma kwa mtoto, bila malipo.