Je, Wajua? Nyangumi Wawili na Nusu

Mongolia haina hata kipande cha pwani, lakini ina kura katika Tume ya Kimataifa ya Nyangumi. Uswisi na Mali vilevile. Kura hizo si pambo: kubadili kanuni za uwindaji kunahitaji robo tatu ya kura zinazopigwa.

Hadi 1972, mgawo wa uwindaji wa Antaktiki ulipimwa kwa mafuta, si kwa vichwa. Nyangumi buluu mmoja alihesabiwa sawa na nyangumi wa nundu wawili na nusu. Ndiyo, na nusu! Hesabu haikujali ni aina gani inayokwisha. Wawindaji wakamwandama mkubwa kwanza, mpaka akaadimika.

Na hata hesabu hiyo ilichakachuliwa. Umoja wa Kisovieti uliripoti kuua nyangumi wa nundu 2,710 katika bahari za kusini baada ya Vita Kuu ya Pili. Kumbukumbu za siri zilipofichuliwa miaka ya 1990, idadi halisi ilizidi 48,000.

Mwaka 1982 Tume iliamua kusimamisha uwindaji wa biashara: nchi 25 ziliunga mkono, 7 zikapinga. Norwe iliweka pingamizi, na bado inawinda. Japani ilijitoa 2019.

Bahari ya Hindi yenyewe ilitangazwa hifadhi ya nyangumi tangu 1979. Aliyependekeza? Shelisheli, nchi ambayo visiwa vyake vyote vikijumlishwa havifikii ukubwa wa Unguja. Nyangumi wa nundu wanaopita Watamu na Zanzibar kati ya Julai na Septemba wamo ndani ya mipaka ya hifadhi hiyo.