Nani Hasa Asiyefunga Mdomo?

Jioni, pale Jaws Corner katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, wanaume hujaa barazani na vikombe vya kahawa, wakibishana siasa na mpira. Mmoja hajamaliza, mwenzake keshadakia. Na humo humo utasikia ikisemwa, bila haya, kwamba wanawake ndio wapiga domo.

Mwaka 2006 dai hilo kongwe lilipata takwimu. Daktari wa Marekani, Louann Brizendine, aliandika katika kitabu chake kwamba mwanamke hutamka maneno 20,000 kwa siku, mwanamume 7,000. Magazeti yakazivamia namba hizo. Mwanaisimu Mark Liberman alipozifuatilia, hakuona utafiti wowote uliozizaa.

Mwaka uliofuata, Matthias Mehl na wenzake walitangaza hesabu yao. Wanafunzi 396 wa vyuo vikuu vya Marekani na Mexico walikuwa wamevalishwa vinasa sauti vilivyojiwasha vyenyewe mara kwa mara. Wanawake walipata wastani wa maneno 16,215 kwa siku, wanaume 15,669. Yaani sawasawa, ukizingatia kwamba mtu na mtu walipishana kwa maelfu.

Lakini hao ni vijana wa chuo. Utafiti mpana zaidi wa 2025, wa watu 2,197, ulikuta pengo la maana katika rika moja tu, miaka 25 hadi 64: hapo wanawake waliwazidi wanaume kwa maneno yapatayo 3,000. Watafiti wanahisi sababu ni malezi. Mtoto wa miaka miwili halelewi kimya kimya, na anayeshinda naye mara nyingi ni mama.

Kukatizana ni habari nyingine. Mwaka 1975, Don Zimmerman na Candace West walichunguza mazungumzo 11 ya mwanamume na mwanamke huko California, wakahesabu makatizo 48. Wanaume walihusika na 46. Sampuli ni ndogo, ila mwanamke aliyewahi kuhudhuria kikao cha ukoo hatashangaa.

Tena yapo mazungumzo yasiyonaswa na chombo chochote. Mwanamke wa pwani aliyekwaruzana na jirani huenda dukani, akachagua doti ya kanga kwa jina lake, yaani msemo ulioandikwa juu yake, akajifunga, akapita mlangoni kwa mwenzake taratibu. Ujumbe umefika. Akiulizwa ana maana gani, atajibu kwamba yeye amependa rangi tu.